Salma Arudi Chuoni

Mwaka ule Salma Burhani alipoacha chuo, sisi majirani zake wa Hamugembe, hapa Bukoba, tuliambiwa kwamba amedisko. Ndivyo wanafunzi wanavyosema mtu akifeli mitihani mpaka akaondolewa. Hatukuuliza zaidi. Baba yake, mzee Burhani, anauza spea za pikipiki karibu na soko, na kabla ya hapo alikuwa hamalizi kukusalimu bila kumtaja binti yake: huyo mwalimu wangu, muda si mrefu atakuwa anafundisha historia. Baada ya hapo akaacha kumtaja. Ukimuuliza habari za nyumbani anasema wazima, kisha anakuuliza unatafuta spea gani.

Ukweli alikuwa nao Salma peke yake. Mwaka wa pili alifundishwa na mhadhiri aitwaye Dakta Mwesiga, mtu mwenye sauti ya upole, anayewatania wanafunzi mpaka darasa zima linacheka. Katika jaribio la kwanza Salma alipata alama za chini ambazo hakuzitarajia. Alipokwenda ofisini kuuliza, Mwesiga alimwambia kwamba mambo kama hayo huzungumzwa mahali penye utulivu, akamtajia nyumba ya wageni na siku. Salma hakwenda. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu yake, kwanza wa kumbembeleza, halafu wa kumkumbusha kwamba mtihani unakaribia. Alimfuata mwalimu mwingine, mtu mzima aliyemheshimu, akamweleza kwa kuzungukazunguka. Yule akamshauri aongeze bidii katika masomo.

Alifeli mtihani, akarudia, akafeli tena. Siku ya kuondoka alifuta ujumbe wote, kwa sababu hakutaka kutembea na maneno yale mfukoni. Nyumbani alisema masomo yamemshinda.

Shangazi yake alimfundisha kushona, na baadaye Salma akapanga chumba kidogo Bakoba, akaweka cherehani yake. Ana mkono mzuri, wateja hawakukosekana. Lakini akija mwanafunzi wa chuo utaona anampima haraka, anampa siku ya kurudi, na maongezi yanaishia hapo.

Evelyne naye angeondoka hivyohivyo kama simu yake isingeita. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenyeji wa Kimwani, Muleba, na alileta gauni lipunguzwe kiunoni. Simu iliita, akaitazama bila kupokea. Ikaita tena. Akakaa kwenye benchi la wateja, machozi yakaanza kumtoka. Salma alimpa maji, akamwacha atulie. Evelyne akasema ni msimamizi wake wa utafiti. Kazi ameshaimaliza, lakini hataki kuipitisha mpaka wakutane mahali.

Salma akauliza jina la huyo msimamizi. Alipolisikia, akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Alikutajia nyumba ya wageni?"

Evelyne akainua uso. "Dada, umejuaje?"

Siku ile hakuna nguo nyingine iliyoshonwa pale. Kwa mara ya kwanza Salma alisimulia yote tangu mwanzo, na kilichomshangaza ni jinsi yalivyokwisha upesi. Alikuwa ameyabeba kana kwamba kuyaeleza kungechukua siku nzima. Evelyne, kwa upande wake, alimwambia kitu ambacho Salma hakukijua: chuoni sasa kuna dawati la jinsia, na anayeliongoza ni mhadhiri mmoja mama, Klaudia. Evelyne mwenyewe amepita mbele ya mlango ule mara nyingi, akaogopa kubisha peke yake.

Wakaenda wote wawili. Klaudia aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alimwagiza Evelyne asifute ujumbe wowote na asikubali kukutana na Mwesiga popote, na kabla hawajaondoka alikuwa ameshazungumza na mkuu wa idara ili binti apewe msimamizi mwingine. Kisha akawaambia wasichotaka kusikia. Kamati itawaita, watu wataongea, na Bukoba ni mji mdogo. Afadhali wazazi wapate habari kutoka kwa watoto wao kuliko kuzisikia barabarani.

Evelyne alimwomba Salma amsindikize Kimwani. Mama yake, Magdalena, ni mjane aliyemsomesha kwa kahawa na ndizi za kibanja chao. Walimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi za mchana, na Evelyne akaanza kueleza akiwa bado amesimama. Magdalena hakuacha kumenya mpaka aliposikia habari ya nyumba ya wageni. Hapo akaweka kisu chini, akamuuliza kwa Kihaya kama yule mtu amemgusa. Evelyne akasema hapana.

"Basi, waitu, mbona unalia kama wewe ndiye uliyekosa?"

Akamvuta mwanawe akamkalisha karibu naye. Kisha akamgeukia Salma. "Na wewe, mwanangu, kwenu walisemaje?"

"Hawajui, mama."

Magdalena hakumhubiria. Akawapikia, wakala ndizi na maharage, na wakati wa kuondoka akampa Salma mkungu wa kupeleka nyumbani. Salma anasema njia nzima alikuwa anawaza lile swali. Yule mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, na ameipokea habari nzito kama ile bila kumpigia mwanawe kelele. Kwa nini yeye alikuwa na hakika kwamba baba yake asingeweza?

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, mzee Burhani alikuwa amekaa barazani. Salma alitandika mkeka karibu na kiti chake, akamweleza. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili, baba amkasirikie yule mtu au amkasirikie yeye. Mzee alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Mwisho akasema:

"Nilidhani ni duka."

Salma hakuelewa.

"Kila jioni nilikuweka dukani. Wenzako wanasoma, wewe unapanga boliti. Nikajua mimi ndiye niliyekufelisha. Nikawa naona haya hata kukutazama."

Kumbe miaka yote ile ya ukimya mezani, baba alikuwa anadhani binti anamlaumu, na binti alikuwa anadhani baba anamwonea aibu. Salma alilia mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Naye akaelezwa. Hasira ya mzee ilikuja baada ya hapo. Aliinuka kutafuta viatu, anataka kwenda kwa huyo mhadhiri hivi sasa, na ikabidi mama asimame mlangoni. Salma akamwomba jambo moja tu: siku ya kamati, aje akae nje ya mlango.

Alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akakaa kwenye kiti cha korido toka asubuhi. Magdalena naye alifika kutoka Kimwani na kitenge kipya. Wazee wale wawili hawakuwahi kuonana, lakini ukiwaona ungedhani ni ndugu wanaosubiri mgonjwa wao atoke kwa daktari.

Ndani, Evelyne alitoa simu yake, kamati ikasoma ujumbe. Salma hakuwa na cha kuonyesha. Mjumbe mmoja alimuuliza kwa nini alikaa kimya muda wote huo.

"Sikukaa kimya," Salma akajibu. "Nilimwambia mwalimu wangu, akaniambia niongeze bidii. Ndipo nikanyamaza."

Hakuna aliyemwuliza tena swali la namna ile. Mwesiga alipoitwa alisema Salma ana kinyongo kwa sababu alifeli, na Evelyne amefundishwa la kusema. Pengine maneno hayo yangemsaidia kama wangekuwa wawili tu. Lakini habari zilikuwa zimeenea, kama Klaudia alivyowaonya, na kuenea kwenyewe kukafanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Wanawake waliokwisha kuhitimu wakaanza kumpigia Klaudia. Mmoja anafundisha Karagwe, mwingine ni karani hapahapa mjini. Kila mmoja aliitaja ile nyumba ya wageni kabla hajaulizwa.

Mwesiga alisimamishwa kazi, kisha akafukuzwa, na suala lake likapelekwa kwa wanaoshughulikia rushwa ya ngono. Kesi bado inaendelea mahakamani. Salma ameshatoa ushahidi. Nilimuuliza alijisikiaje kumwona tena, akasema alishangaa kuona kwamba ni mtu mfupi.

Evelyne alimaliza kwa msimamizi mpya, akafaulu. Kwa Salma mambo yalikwenda polepole zaidi. Mtihani wake wa zamani ulisahihishwa upya na mwalimu wa chuo kingine, ikaonekana alistahili kufaulu tangu mara ya kwanza. Chuo kikamwita arudi aendelee pale alipoishia. Alisitasita. Alikuwa na wateja wake, na alijua angekaa darasani na watoto waliokuwa sekondari yeye alipoondoka. Mzee Burhani hakumsukuma. Alisema tu kwamba uamuzi wowote atakaochukua, jioni zake ni zake.

Akarudi. Cherehani anaishika Jumamosi. Wanafunzi wenzake wanamwita dada, wanamletea sare za kwaya na suruali za kupunguza, na yeye siku hizi hawapimi tena kwa haraka.

Mwezi uliopita nilikutana naye anatoka kwenye mtihani, anatembea na kalamu bado mkononi. Nikamuuliza umekuwaje. Akasema mgumu. Swali la tatu, la mikataba ya wakoloni na watawala wa hapa kwetu, limemshinda kabisa, ameandika nusu ukurasa akaliacha. Nikampa pole.

"Usinipe pole," akaniambia, na alikuwa anacheka. "Nikifeli hili, nimefeli mwenyewe."