Ripoti Niliyoisaini Baada ya Ziara ya Ziwani

Mwaka ule halmashauri ilivipanga vituo vyake vyote vya afya kwa kuhesabu kina mama waliofariki wakijifungua. Sisi tulitoka wa mwisho. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, mtu wa Mbeya aliyekuwa na haraka ya kupanda cheo, alituita mimi na mkunga wetu mkuu.

"Nendeni kwa walioshika namba moja mkaone wanafanyaje. Mkirudi, nataka ripoti."

Mkunga huyo alikuwa mama wa Kifipa aliyenizidi miaka ishirini. Kazi ya leba nilifundishwa naye, si chuoni. Tulipanda gari Namanyere tukateremka mpaka kijiji kimoja cha ziwani. Kituo chao kilikuwa kisafi, madirisha yana mapazia mapya, ukutani michoro ya rangi. Muuguzi aliyetupokea alituamkia kwa heshima, akatuletea soda. Mimi nilianza kuandika.

Mama hakugusa soda, akamgeukia muuguzi. "Mwanangu, naomba kitabu cha rufaa."

Akakifunua taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kikasimama.

"Huyu alitufia sisi. Alifika kanga zimeloa damu, hata kuongea hawezi." Kidole kikashuka. "Na huyu. Na huyu wa mapacha."

Muuguzi akainamisha kichwa. "Mama, hatuna damu ya akiba, hatuna chumba cha upasuaji. Tungekaa nao tungefanya nini?"

"Kuwaleta mlifanya vema. Nauliza, mbona vifo vyote vimeandikwa kwetu?"

"Orodha hatukuitengeneza sisi, mama."

Ulikuwa ukweli. Kila kituo cha jirani kilileta kwetu wagonjwa wake waliozidiwa, kisha kikapimwa pamoja nasi kwa mizani moja.

Niliyaandika yote hayo. Mfawidhi akasoma, akakata ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu.

"Haya ya rufaa toa. Wataona tunatafuta visingizio."

Nilikuwa nasubiri kuthibitishwa kazini. Nikayatoa. Badala yake nikaandika mapazia, michoro, ukarimu kwa wateja, na kwamba kwetu usimamizi wa leba ni dhaifu. Nikasaini.

Haukupita mwezi, mama akapewa barua ya kuhamishiwa zahanati ya mbali, kwa kushindwa kusimamia leba. Nakala ya ripoti ilikuwa imeambatanishwa. Alinikuta nafunga vifaa vya kuchemsha.

"Hii saini ni yako?"

"Mama, bosi alikataa ile ya kwanza."

"Bosi alikataa. Mkono ulioandika kuwa mimi dhaifu ni wa nani?"

Alikunja barua, akavua koti jeupe, akaenda kuwaaga wagonjwa kitanda kwa kitanda. Mimi hakuniaga.

Leba nikapewa mimi. Kweli tulijifunza: mama yeyote aliyeonekana mashakani tulimpakia haraka kwenda hospitali ya mjini, hata wale ambao mkunga yule angewazalisha salama palepale. Mmoja alifia njiani, hakuandikwa kwetu. Mwaka uliofuata tukapanda nafasi nyingi, mfawidhi akapongezwa mbele ya watu na kuhamia ofisi kubwa.

Juzi nilimwona mama sokoni Sumbawanga akichagua maharage. Nikamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika, bila kuinua macho. Akamuuliza muuzaji kama maharage yale ni ya msimu huu.