Aya Iliyokuwa na Makaburi

Habari kwamba shamba letu la Mgwashi limeporomoka zilinikuta mkutanoni, katika nchi ya jangwa, ndani ya chumba kisicho na dirisha, tukibishania neno moja.

Mimi ni ofisa misitu wilayani Lushoto. Kazi yangu ya kila siku ni miche, mipaka ya hifadhi, na kesi za watu waliokamatwa na mbao. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, kila ukikaribia mwisho wa mwaka, huwa naongezwa kwenye ujumbe wa nchi yetu unaokwenda kwenye mazungumzo ya dunia kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mara ya kwanza nilishona gauni jipya la safari. Siku hizi nabeba sweta, soksi nene na vidonge vya kichwa, maana vyumba vile vina baridi ya mashine.

Nilipangiwa kufuatilia mada ya hasara: yale ambayo nchi maskini zinayapoteza kwa mafuriko, ukame na vimbunga, na ambayo hayarudi. Siku ile tulikuwa kwenye aya ya hasara zisizoweza kuthaminiwa kwa fedha. Ilitaja lugha zinazokufa, urithi wa mababu, na maeneo ya maziko. Aya nzima ilikuwa ndani ya mabano, na katika mikutano ile kilicho ndani ya mabano hakijakubaliwa. Sisi wa nchi zinazoendelea tulitaka iandikwe kwamba nchi zilizoendelea "zitasaidia". Wao walitaka "zinahimizwa kusaidia". Tulianza asubuhi, tukaenda kula mchana, tukarudi, na bado tulikuwa palepale.

Wala sisi wenyewe hatukuwa kitu kimoja. Ndani ya kundi letu kuna nchi zenye viwanda vinavyotoa moshi mwingi kuliko baadhi ya hao tunaowalaumu, kuna zinazouza mafuta, na kuna sisi tunaopika kwa kuni. Asubuhi tunakutana peke yetu, tunagombana, kisha tunaingia chumbani tukiwa na sauti moja iliyokwisha kuchoka.

Simu ikatetemeka mapajani. Ulikuwa ujumbe wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani na mama.

"Shamba la juu limeondoka lote. Makaburi pia. Mama mzima."

Nikatoka nje ya chumba. Korido ilikuwa imejaa watu wenye vitambulisho shingoni, wengine wamekaa chini sakafuni wakichaji simu. Nikatafuta pembe nikapiga.

"Mvua haijakatika tangu juzi," kaka alisema. "Alfajiri tukasikia mngurumo, kama lori linamwaga mawe. Tulipotoka nje, hapakuwa na shamba. Udongo umeshuka mpaka mtoni."

"Mama yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Pole, mama."

"Tumshukuru Mungu, hakuna aliyeumia." Nilisikia mvua kwenye bati la nyumba ya kaka. "Ila baba yako hatujamwona."

Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na alizikwa ukingoni mwa shamba lile kwa kuchagua mwenyewe, kando ya wazazi wake na ya dada yangu aliyefariki akiwa mchanga. Kila tulipokwenda kuchuma maharage tulipita hapo kwanza. Mama alikuwa aking'oa magugu kaburini huku akimweleza habari za wiki, nani kaoa, ng'ombe gani kazaa, kama mtu anayezungumza na mwenziwe aliyelala chumba cha pili.

"Nyie huko mmeshamaliza?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Haya, malizeni."

Niliporudi chumbani, mkuu wa ujumbe wetu aliniangalia usoni akajua. Ni mtu mzima kutoka Tanga mjini, mpole, amehudhuria mikutano hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nikamwonyesha simu. Alisoma, akavua miwani.

"Pole sana, dada," alinong'ona. Kisha akaongeza: "Unaweza kulisema hili hapa?"

"Kaburi la baba yangu, mzee?"

"Aya ni hiyo hiyo. Lakini sikulazimishi."

Sikutaka. Nilijiona kama mtu anayetoa msiba wake nje ya mlango ili wapita njia wautazame. Lakini nikafikiria pia kwamba mwaka ujao tutakuwa hapahapa, tukibishana kuhusu makaburi ya watu ambao hakuna aliyewajua, na kwamba mimi nilimjua mmoja. Nikainua kibao chenye jina la nchi yetu kuomba nafasi.

Nilizungumza kwa kifupi. Nilieleza kwamba wakati tunazungumza hapa, nimeletewa habari kuwa mlima wa nyumbani umeshuka na kuondoka na kaburi la baba yangu, la babu, la bibi, na la dada yangu. Nikasema siwezi kuthibitisha kwamba mvua ile ilitokana na moshi wa nchi fulani, na sikuja kumshitaki mtu. Nikasema tu kwamba maneno "maeneo ya maziko" yana watu ndani yake. Nikaishia hapo, nikazima kipaza sauti.

Mwenyekiti wa kikao alinipa pole kwa niaba ya wote, akashukuru kwa mchango wangu, akampa nafasi msemaji aliyefuata. Msemaji aliyefuata alirudia hoja yake ya "zinahimizwa".

Kikao kilipoahirishwa, alinijia mama mmoja wa ujumbe wa nchi tajiri, aliyekuwa akinipinga tangu asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika mikono yote miwili.

"Na mimi nimemzika baba yangu mwaka huu," alisema. "Ingekuwa ni juu yangu peke yangu, ningekubali sasa hivi. Lakini nina maelekezo kutoka kwetu. Unaelewa?"

Nilimwambia naelewa. Ndiko kulikonichosha zaidi, kuelewa. Ningempata mtu wa kumchukia ningelala vizuri.

Kesho yake lilitolewa andiko jipya. Mabano yalikuwa yameondolewa, na watu walipongezana kwa kupigana mabegani. "Zinahimizwa" ilibaki. Nikatafuta maeneo ya maziko sikuyaona. Ili kufupisha aya, walikuwa wameandika lugha, urithi wa mababu, "na mengineyo". Nikamwonyesha mkuu wa ujumbe. Aliisoma mara mbili.

"Tukiifungua tena aya hii," alisema, "watafungua na zile nyingine tulizopata. Unasemaje?"

"Tuiache, mzee," nikasema.

Nilirudi nyumbani kupitia Mombo. Basi lilipanda hadi Soni, nikapata gari jingine la kuelekea Bumbuli, na mbele kidogo barabara ilikuwa imekatika, tukashuka. Nikaendelea kwa miguu na begi kichwani, viatu vya mkutano mkononi. Milima yote ilikuwa na mikwaruzo myekundu. Watu niliokutana nao walinisalimu kwa Kishambaa, wakanipa pole ya baba kama kwamba amefariki wiki ile.

Mama nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka, anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaniitikia, akanitazama miguu.

"Umepungua. Huko hawapiki?"

Siku iliyofuata tulikwenda kuona. Nilipajua mahali pale tangu naanza kutembea, lakini nilisimama sijui nianzie wapi kutazama. Palikuwa na udongo mtupu kutoka juu hadi bondeni, na migomba imelala kichwa chini. Vijana wa usharika walikuwa wamechimba kando ya mto. Walichopata ni kipande cha msalaba wa saruji wa kaburi la baba, chenye herufi za mwisho za jina lake. Mifupa hawakuipata.

Mchungaji alikuja nyumbani jioni. Alikuwa na wazo zuri, au sote tulidhani ni zuri: kile kipande cha msalaba kikazikwe kwenye makaburi ya kanisa, ibada ifanyike, familia ipate mahali pa kwenda.

"Ndani tutaweka nini?" mama akauliza.

"Msalaba, mama. Na udongo wa pale."

"Kaburi lisilo na mtu mimi sitaliombea, mchungaji. Nitakuwa namdanganya nani?"

Kaka akajaribu kumtuliza. Mama hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mumewe yuko palepale bondeni, kwamba Mungu anajua ni chini ya jiwe gani, na kama ni ibada ifanyike huko. Mchungaji alikuna kidevu, akakubali. Tulisali ukingoni mwa mto, watu wamesimama kwenye tope, wazee wameshikwa mikono wasiteleze. Wimbo ulikuwa ule aliokuwa akiuanzisha baba. Hakuna aliyeanza kwa sauti sahihi, tukauimba juu mno, wanaume wakashindwa njiani.

Kabla sijarudi kazini Lushoto, mwenyekiti wa kijiji aliniomba niwaeleze wananchi yaliyokubaliwa huko dunia ilikokutana. Watu walikuja shuleni wengi kuliko nilivyotegemea. Nikaeleza kadiri nilivyoweza bila maneno ya ofisini: kwamba nchi tajiri zimetambua hasara zinazotupata, na kwamba zinahimizwa kusaidia.

Bibi mmoja, jirani yetu aliyepoteza mbuzi wake wote, aliinua mkono.

"Kwa hiyo wamekubali kwamba ni wao?"

"Hapana, bibi. Wamekubali kwamba limetokea."

"Hilo hata mimi nalijua."

Watu wakacheka. Mzee wa nyuma akasimama.

"Mwanangu, sisi tuliambiwa tusikate miti msituni, kwa ajili ya dunia. Tumeacha. Wao wamekatazwa nini?"

"Wewe umeacha lini?" mwanamke mmoja akamdaka. "Juzi tu nimekuona na gogo!"

Kikao kikalipuka kwa kicheko, na mzee mwenyewe akacheka hadi akakaa. Lakini swali lilibaki, na watu walipotulia walinigeukia. Nikawaeleza ukweli, kwamba hakuna anayewakataza. Kila nchi inajiandikia ahadi yake yenyewe, kwa kiasi inachoona inakiweza, kisha inaripoti imefika wapi. Na sisi tumeandika yetu.

"Na asiyetimiza?" mwenyekiti akauliza.

"Anaulizwa mkutano unaofuata."

Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakinishukuru kwa adabu, na baadhi ya akina mama wakanipa parachichi nirudi nazo mjini.

Mama hakurudi kulima upande ule. Kaka alimkatia kipande cha shamba lake la chini, tukakitengenezea matuta ya ngazi, kingo tukazipanda matete ili zishike udongo. Nilichukua likizo nikafanya nao kazi ile mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ilikuwa likizo nzuri kuliko zote nilizopata kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata simu ya mkuu wa ujumbe ilinikuta hapo kwa mama. Nilimwambia nitafikiri. Mama alikuwa amesikia.

"Nenda," alisema.

"Nimechoka, mama. Tunakwenda, tunarudi, hakuna linalobadilika."

"Kwani mimi sijachoka? Ukikaa hapa utafanya nini? Haya maharage nayaweza mwenyewe."

Nikaenda. Mada ilikuwa ileile, chumba kingine. Kando yangu aliketi mzee wa ujumbe wa nchi ya visiwa ambavyo sikuwahi kuvisikia. Aliniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia milimani. Alishangaa, kwamba na watu wa milimani nao wamo kwenye mada hii.

"Kwetu bahari inapanda," alisema. "Tulipoona itafika, tuliwahamisha wafu kwanza, tukawapeleka sehemu ya juu. Walio hai bado tunajadili."

Nilitaka kumuuliza walifanyaje, nani alichimba, na walisali nini. Lakini ikatangazwa kwamba kikao kimesogezwa mbele, tusubiri. Yule mzee akaomba radhi, akaegemeza kichwa ukutani, akasinzia hapohapo kwenye kiti. Begi lake lilikuwa linateleza magotini. Nikalichukua taratibu nisimwamshe, nikalishika mpaka walipotuita.