Mstari wa Fundi Muthama

Musembi Nzuki alipaka rangi mabehewa ya abiria kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu mwaka 1984 alirudi Kibwezi, akaanza kuyaunda upya kwa mbao laini na bati la mikebe, kila moja refu kama mkono hadi kwenye kiwiko. Rangi zilikuwa zile zile: damu ya mzee chini, krimu juu. Kasoro hakuzivumilia. Tone likichuruzika, alifuta upande mzima na kuanza tena.

Kila Jumamosi alitembelewa na Muthama, mzee aliyemfundisha kazi. Macho ya Muthama yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga tu. Nzuki ndiye aliyemsomea barua na kumwambia nani anapita barabarani.

Jumamosi moja ya mwaka 1988, Muthama aliomba brashi.

"Lete, kijana," alisema, ingawa kijana huyo alikuwa na wajukuu watano. "Nipige mstari mmoja kabla sijafa."

Aliupiga mstari mweupe chini ya madirisha. Kwenye dirisha la tatu mkono ulitetemeka na mstari ukashuka.

"Umenyooka?"

"Kama reli, Fundi."

Mzee alipoondoka, Nzuki alilowesha kitambaa kwa tapentaini, akaufuta, akapiga wake.

Juma lililofuata Muthama aliomba behewa lile. Alipitisha ukucha juu ya mstari, akafika dirisha la tatu, akarudi nyuma, akapita tena.

"Huu si wangu. Wangu ulishuka hapa. Niliusikia ukishuka."

"Niliona aibu kukuambia, Fundi."

"Aibu ya nini? Lini tuliwahi kutoa behewa lililonyooka? Vumbi la njiani kule Mtito lilipaka lake, mvua ikachora yake, abiria nao wakamalizia kwa kucha." Alicheka, kisha akalirudisha behewa mezani. "Sasa ukiniambia shati langu la kanisani ni safi, nitajuaje?"

Mwaka mmoja umepita, na tangu siku hiyo Nzuki hafuti. Behewa lililo mezani sasa lina mchirizi wa rangi ya kutu chini ya dirisha la mwisho. Brashi ilimponyoka. Mchirizi huo unalifanya behewa lionekane limetoka safarini, na hakuna mkono ambao ungeupanga vizuri hivyo.

"Mstari wake ulikuwa hivi hivi," anasema. "Niliuona uzuri wake nilipokuwa nimeshaufuta."

Muthama bado huja. Mwezi uliopita alileta barua ya bintiye, Kavata, aliye Mombasa. Nzuki aliisoma polepole, neno kwa neno, hadi salamu za mwisho. Mzee alimshukuru, akaikunja, kisha akamwita Kalunde, mke wa Nzuki, aliyekuwa akipepeta ndengu uani.

"Mama, hebu nisomee na wewe."

Nzuki hakuinuka. Alikaa pale akimsikiliza mkewe akisoma yale yale aliyokuwa ameyasoma yeye.