Hema la Bwana Suud

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya jamaa wote wa Shangani, walioamka na waliolala usingizi wa mchana, umma unatangaziwa kwamba Bwana Suud Abdulwahid, mpokea wageni wa hoteli kwa miaka kumi na tisa, ameshika rasmi uongozi wa vunja jungu la ukoo wake. Makabidhiano yalifanyika ukumbini, juu ya mkeka. Aliyekabidhi hakuulizwa.

Aliyepokonywa ni mama mkwe wake, Bi Mwatum. Kwa miaka thelathini, kila Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, bibi huyu aliikokota familia nzima mpaka ufukweni Mtoni, watu wakala kama vile mfungo ni wa miaka miwili. Ratiba yake ilikuwa fupi: tandikeni, kuleni, watoto waogeni, twendeni zetu.

Suud aliiona hiyo ni aibu ya karne. Yeye kaona watu wanavyopumzika. Ukiwapa funguo watu wenye kaptula kwa miaka kumi na tisa, hupati shahada, lakini kiburi chake unakipata chote. Ndipo mgeni mmoja wa Kijerumani alipoondoka akaacha hema chumbani. Suud akalichukua, akalisimamisha sebuleni, na kwa siku tatu mkewe Tamima akawa anamnywesha chai kupitia dirisha la wavu.

"Mwaka huu napanga mimi," akatangaza mbele ya watu wote. "Twenda Makunduchi, tunapiga kambi ya kistaarabu. Ikiharibika, mimi na safari za nyumba hii basi tena. Ntakwenda ntakakopelekwa, kama mzigo."

Bi Mwatum hasemi na mkwewe uso kwa uso. Ni heshima, na pia ni silaha. Akamgeukia binti yake.

"Tamima, mwambie mumeo tumesikia sote."

Wakafika Makunduchi saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yametoka, bahari iko mbali huko kama mdeni, na mchanga umetandazwa mweupe, mkavu, bila mtu. Suud akasimama katikati yake, mikono kiunoni, akasema hapa. Akaanza kugongea vigingi akifuata karatasi ya maelekezo ya Kijerumani, lugha ambayo anaijua kwa kutazama picha.

Akapita mwanamke akitoka kwenye mashamba ya mwani, kiroba kichwani, maji yanamchuruzika kwenye kanga. Jina lake Mwanapili, na alikuwa na haraka, lakini alisimama.

"Asalaam aleikum. Bwana, hapo msikae. Leo bamvua, maji makubwa."

"Waaleikum salaam. Nnajua."

"Ule mstari wa mwani mkavu, kule juu kwenye minazi, unauona? Maji yanafika pale."

Suud akacheka kwa huruma, kicheko kile anachowapa wageni wanaouliza kama maji ya bomba yananyweka.

"Dada yangu, mimi nimezaliwa Shangani. Kutoka kitandani kwangu mpaka baharini hatua arubaini. Bahari hunifundishi."

Kweli, ni hatua arubaini. Ila bahari ya Shangani imejengewa ukuta. Ikija inagonga, ikikosa ruhusa inarudi. Suud alikuwa hajawahi kuishi na bahari isiyo na mlango.

"Haya," akasema Mwanapili, akajitwisha vizuri kiroba chake. "Mie nshasema."

Bi Mwatum, aliyeyasikia haya, akabeba mkeka wake na kikapu chake, akapanda mpaka juu ya ule mstari, akakaa chini ya minazi.

Na hapa ndipo pa kusikitisha. Kwa wiki nzima Suud alikuwa barazani akibishana mwezi utaandama lini: kesho kutwa au mtondo, tufuate wa hapa au wa Makka. Hakuna aliyeujua mwezi kumpita. Kwamba mwezi huohuo mchanga, ukikaribia, ndio unaoyaleta maji mpaka juu, hilo halikuwamo kwenye mjadala.

Sufuria kubwa la pilau likaingizwa hemani, zipu ikafungwa, kwa ajili ya nzi. Hakuna kula mpaka saa tisa. Ratiba imechapwa hotelini, kwa wino wa rangi. Saa saba watu wakasali, wakabaki wanaitazama zipu.

Saa nane bahari ilikuwa imeshakaribia.

"Baba," akasema binti yake Nada, "maji yanakuja."

"Yatasimama kwenye lile jiwe."

Yakalipita jiwe bila salamu.

"Yatasimama kwenye viatu vyako."

Viatu vikaelea. Nada akavifukuza huku ameshika simu, anarekodi.

Kutoka juu ikashuka sauti ya Bi Mwatum, tulivu. "Tamima, mwambie mumeo ana mgeni. Tena hakuja kwa chai."

"Baba Nada, tulihamishe," akasema Tamima. "Tulihamishe tu, hapana atakayecheka."

Tamima ni mke mwema, na huo ulikuwa uongo. Suud alijua. Kulihamisha hema ni kumpa Mwanapili ukweli wake, na kumrudishia Bi Mwatum ukoo mzima. Akatazama saa. Zimebaki dakika ishirini ratiba itimie. Akakunja suruali.

"Tunakula kwa wakati," akasema.

Wimbi halikuwa kubwa. Lilipita tu chini ya hema, likaling'oa kama mtu anayevua kofia. Vigingi vikafuata kamba, hema likavimba, likaanza kwenda, na Suud akaling'ang'ania kwa nyuma, maji kifuani, akivuta zipu ambayo tangu Ujerumani haikuwahi kukataa. Ilipofunguka, maji yaliingia na pilau likatoka. Samaki wa Makunduchi walivunja jungu siku hiyo, nyama, mbatata na yote.

Suud akapanda mpaka chini ya minazi ameloa, na ratiba mfukoni imegeuka uji wa rangi.

Bi Mwatum alikuwa ameshafunua kikapu. Mikate ya mofa, samaki wa kupaka, bajia, na chupa mbili za chai. Watu wameshazunguka, lakini hakuna aliyegusa. Alikuwa amewazuia kwa mkono. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili ya ukwe, akamkabili Suud mwenyewe.

"Mwanangu, chakula kipo. Lakini kabla hatujasema bismillahi, tuambie mbele ya watu. Mwakani nani anapanga?"

Ukoo mzima ukamtazama. Suud akakaa pembeni ya mkeka, akakamua mkono wa shati.

"Wewe, mama. Nisogezee huyo samaki."