Fundo la Ningu

Uzi wa nailoni, ukikaza fundo lake, hulia kidogo, kama panya ndani ya ukuta. Mimi nashona mabegi hapa Nyakato, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufumua na kushona upya, na kila nikisikia mlio huo mikono yangu husimama. Nawaambia ninyi sababu yake, maana nyumbani sijawahi kuisema.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa kwetu Musoma kutoka Butiama ili atibiwe, naye alikuwa ameacha kula. Nyama aliisukuma. Hata maziwa mgando aliyakataa, na kwa mtu aliyekulia kwenye ng'ombe, hilo lilitutisha kuliko maneno ya daktari. Alitaja kitu kimoja tu, samaki aitwaye ningu. Zamani, alisema, walikuwaga wanamkula mpaka wanamchoka.

Baba alizunguka sokoni siku tatu. Wamama wa samaki walimcheka. Mmoja alimwambia ningu akamuulize babu yake, wao wana sato na sangara. Jumamosi akanichukua tukaenda kwenye gati la zamani, na mishipi miwili na kopo la nyungunyungu. Nilikuwa nimewapanga nyungunyungu kwa urefu. Baba akasema samaki hawana rula.

Asubuhi yote tulipata furu, visamaki vya kidole. Mchana, kwenye saa nane, mshipi wa baba ukavutwa polepole, akatoa samaki mnene mwenye mdomo ulioelekea chini, laini kama wa mtoto anayenyonya. Baba hakupiga kelele. Alikaa chini kwanza.

"Mama," akasema, maana nimepewa jina la mama yake, "huyu ndiye."

Kwa jua lile samaki hauawi mapema. Baba alipitisha uzi wa nailoni kwenye shavu la samaki, akaufunga kwenye chuma cha gati, akamrudisha majini abaki hai mpaka tutakapoondoka. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia.

"Fundo likishika, liache," aliniambia.

Lilikuwa limeshika. Ila lilikaa upande, na ncha moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Nikaliangalia, nikageuka, nikaliangalia tena. Niliona likija kufunguka, kosa litakuwa langu. Basi nikalifungua, ili nilifunge vizuri zaidi. Nailoni iliyolowa inateleza. Ililia kidogo, ikanitoka. Nikaiona ncha ikipita ukingoni na kushuka majini, wala haikuwa na haraka, nami nimenyoosha mkono.

Baba alipogeuka nikamwambia limefunguka. Sikusema nani kalifungua. Akatazama maji, akatazama chuma, akanitazama mimi.

"Yanafungukaga," akasema. "Lete kopo."

Tukakaa tena mpaka jua likagusa ziwa. Niliomba kila mshipi ulipotupwa. Tukapata furu.

Jioni Bibi alikunywa vijiko viwili vya mchuzi wa furu, akauliza ningu yuko wapi. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nimeinamisha kichwa. Baba akajibu kwamba amemponyoka yeye, hakufunga vizuri. Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

"Wewe hata ndama ulikuwaga hujui kuwafunga."

Alirudishwa Butiama, na kabla mahindi hayajakomaa tulimzika.

Mwaka juzi nilimtembelea baba mdogo anayelima Guta, tukawa tunatazama ndama wake wakifungwa ili mama zao wakamuliwe. Akaniambia bila kuulizwa kwamba nyumbani kwao kazi hiyo ilikuwa ya baba yangu peke yake. Bibi hakumruhusu mtoto mwingine ashike kamba. Fundo la baba yako, alisema, halijawahi kufunguka hata siku moja.

Nilishika nguzo ya zizi, nikamuomba arudie.