Kioo cha Nyota Mbili

Mende ndio walioanzisha balaa. Mwalimu Paskalia, aliyefundisha fizikia mjini Morogoro, aliwakuta wakizungukazunguka juu ya sanduku lake la vioo nyumbani Mwembesongo, akapiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Vioo vyenyewe vilikuwa vidogo tu, saizi ya kadi ya posta, vimepakwa dawa ya picha iliyonasa mwanga wa nyota ukiwa umetandazwa mistari mistari. Na mende, walaaniwe, dawa ile kwao ni chakula. Akalipandisha sanduku milimani, juu ya Mkuyuni, kwa mama yake, Bi Modesta.

Kioo kimoja ndicho kilichomkosesha raha. Kilipigwa picha wakati nyota moja imefunikwa na mwenzake, jambo linalotokea mara moja tu kila miaka ishirini na saba. Kando ya mstari wa nyota yenyewe Paskalia aliona mwingine, mwembamba mno: alama ya gesi iliyomzunguka yule mwenzake. Gabrieli, mkuu wake wa sayansi shuleni, alikitazama, akacheka.

"Mwalimu, huo ni uchafu. Unaona unachotaka kuona."

Neno lile lilimkaa rohoni. Rafiki zake aliosoma nao Ulaya, waliomtumia vile vioo, sasa walikitaka hicho kimoja wakipime kwa mashine. Padri aliyekubali kukibeba hadi Ulaya alikuwa anaondoka kesho yake.

Basi Paskalia akapanda mlima mbio mbio, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Shikamoo mama. Sanduku liko wapi?"

"Marahaba. Hata maji hujanywa, mwanangu?"

Alifungua sanduku palepale mlangoni. Akainua kioo kimoja kimoja kwenye mwanga. Akarudia. Mungu wangu, kile cha nyota mbili hakimo!

"Mama, umegusa humu?"

Bi Modesta akatabasamu, akamshika mkono mpaka ukutani. Ile picha ya marehemu baba, moja tu waliyokuwa nayo, iliyokuwa ikiliwa na ukungu kila masika, sasa ilikuwa ndani ya fremu ya mbao, mbele yake kioo kinang'aa, hakina hata alama ya dawa.

"Madukani hakuna hata kipande, wewe mwenyewe unajua. Nikasema, mwanangu anavyo vingi, hatanuna kwa kimoja. Sasa namwona baba yako vizuri."

Hasira ilimpanda Paskalia, ikamfika mdomoni kabisa, akaimeza. Amfokee nani? Nyota zile zikifunikana tena yeye atakuwa ajuza, kama atakuwepo. Akakaa kwenye kigoda, kichwa mikononi.

Mama akaona, uso ukambadilika.

"Jamani, kumbe kilikuwa na kazi! Mbona hukuniambia? Nami nilivyokihangaikia, maji ya moto na majivu, mpaka vidole vikaniuma. Kile kijistari ndicho kilichogoma kutoka."

Paskalia akainua kichwa polepole.

"Kijistari gani?"

"Si kile chembamba? Kulikuwa na mstari mkubwa, na ubavuni mwake kingine kidogo. Nilidhani ni uchafu. Lakini nikasema, uchafu gani huu ulionyooka hivi?"

"Uliviona viwili, mama? Kweli?"

"Niliviona. Mie si kipofu."

Kumbe hakukiona peke yake! Paskalia alicheka huku machozi yanamtiririka, na mama yake akamtazama kwa hofu, asijue amfariji au amwite jirani.

"Niambie tena, mama," alisema. "Kile kidogo kilikuwa upande gani?"