Mbeyu Mfuga Viwavi

Sikumpenda Mbeyu tangu wiki niliyoolewa, na yeye hakujisumbua kunipenda. Alikuwa mjane wa Mwaringa, ndugu mdogo wa baba mkwe wangu, kwa hiyo nilitakiwa kumwita Mayo, yaani mama, na kumwamkia nikiwa nimepiga goti. Nilipiga goti. Akanitazama kuanzia leso mpaka kandambili, akasema, "Charo hakupata mwingine?" Kisha akarudi kwenye midimu yake kuwalisha wadudu.

Ndiyo, wadudu. Sisi tunakaa ukingoni mwa msitu wa Arabuko, ambako watu wenye akili zao hupanda mahindi na mihogo na kushinda wakifukuza nyani. Mbeyu alikuwa na bustani kubwa nyuma ya nyumba, imejaa midimu, mistafeli na vichaka alivyovitoa msituni kwa mikono yake. Kila tawi alilivisha mfuko wa chandarua, akaufunga kamba huku na huku, na ndani ya mfuko mlikuwa na viwavi. Aliwahamisha mmoja mmoja kutoka tawi lililokwisha majani kwenda tawi lenye majani, akiwasemesha kwa sauti ya upole ambayo binadamu hakuipata kwake. Kiwavi akishajifunga na kuwa pupa, alimchuma, akamlaza kwenye pamba ndani ya kopo, na kila Jumanne alipanda bodaboda kwenda Gede kumpeleka kwa watu wa mradi wa vipepeo. Kutoka huko pupa walipandishwa ndege kwenda Ulaya, wakawe vipepeo ndani ya nyumba za vioo.

"Wazungu wanawafanyia nini?" nilimuuliza siku moja.

"Wanawatazama."

"Basi?"

"Basi."

Sasa hebu niambie, nani angeamini maneno hayo? Sisi tumeambiwa tangu utotoni kwamba kipepeo anayeingia ndani ya nyumba ni koma, mzee aliyekufa amekuja kuangalia wanawe wanavyoishi. Halafu huyu anawafunga kwenye makopo na kuwatuma kwa ndege! Ukimgusa pupa kwa kidole, anajinyonganyonga. Wanawake bombani walisema hao ni watoto ambao Mbeyu hakuwazaa, kawafungia humo. Nilicheka nao, kwa sababu mimi nilikuwa nimezaa.

Mbeyu alizaliwa Rabai na kuachishwa shule akiwa darasa la tatu. Alimenya korosho kiwandani Kilifi miaka kumi na minne. Mafuta ya maganda yalimla ncha za vidole zikabaki laini, hazina hata mstari mmoja, na siku ya kuandikishwa kitambulisho kwa mashine, mashine ilikataa vidole vyote kumi. Watu walisema hata serikali haimtambui kuwa ni mtu. Kiwanda kilipofungwa, Mwaringa alimleta huku. Hawakujaliwa mtoto. Mwaringa alipofariki, ukoo ulingoja arudi kwao Rabai, ukangoja, mpaka baba mkwe wangu Mwambire akamwendea na kumuuliza anaondoka lini. "Nimezika mume," Mbeyu alimjibu, "sijazika shamba." Mwambire naye akafa, akimwachia Charo mume wangu hasira yote ya shamba lile.

Nondo ndiye aliyeleta balaa. Mbeyu alikuwa na biringani chache karibu na jiko, na juu yake wakatokea viwavi wanene wa manjano, kila mmoja na kipembe mkiani. Watu wa mradi hawakuwataka, lakini yeye akawatunza kwa udadisi tu. Asubuhi moja nilipita na mwanangu Easter mgongoni, ana miaka mitatu, Mbeyu akaniita.

"Pamela, njoo uone kitu."

Ndani ya chandarua alikaa nondo mpana kuliko kiganja changu. Mgongoni alikuwa na uso wa maiti: mashimo mawili ya macho, taya, meno. Naapa sisemi kwa kuongeza chumvi. Mbeyu akamgusa kwa kidole chake kile kisicho na alama, na yule mdudu akalia. Alilia kabisa, kwa sauti nyembamba ya panya aliyebanwa mlangoni. Easter akaruka mgongoni mwangu.

"Hana madhara," Mbeyu alisema huku akicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, na ikanitia hofu kuliko nondo. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamsimulia Charo mbele ya majirani waliokuja kunywa chai. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu, si kwa mwingine.

Wiki tatu baadaye Easter alishikwa na homa. Ilianza Jumanne. Alhamisi asubuhi akakaza mwili, macho yakageuka, mikono ikawa inamruka. Kwetu mtoto akipata degedege hatusemi malaria; tunasema dege limempitia, yule mdudu wa usiku anayeruka juu ya nyumba na kumtikisa mtoto roho. Nilimbeba nikatoka mbio. Mpaka barabara ya lami ni mwendo wa karibu saa nzima, na pikipiki yetu haikuwepo. Nilifika hospitalini mchana. Daktari alisema malaria imeshapanda kichwani. Ijumaa saa nne, Easter alifariki.

Kwenye mazishi Charo alisimama kando ya kaburi, akasema watu wote wasikie: "Alhamisi asubuhi mimi nilimwona Mbeyu kwa macho yangu haya. Alisimama dirishani kwangu akafungua kopo, akaliachia lile dege ndani ya chumba cha mwanangu."

Nilisikia kila neno. Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo Mbeyu hakusalimiwa na mtu. Akifika bombani, wanawake walimwaga maji waliyokwisha kuteka na kuondoka na ndoo tupu. Mawe yalianguka juu ya mabati yake. Jumapili moja, akiwa kanisani, vijana waliingia bustanini na mapanga, wakakata midimu, wakarundika vyandarua vyote na viwavi ndani yake, wakatia moto. Mimi nilisimama mlangoni kwangu nikitazama moshi. Nilifurahi, na sitajifanya kuwa sikufurahi. Mbeyu alirudi na gauni lake jeupe la kanisani, akachutama kwenye majivu, akayapekua kwa mikono akitafuta kama kuna aliyepona. Hakupona hata mmoja. Hakulia, na hilo nalo likamwongezea kosa.

Huku kwetu mjane mwenye mvi na shamba akishaitwa mutsai, yaani mchawi, hangoji maradhi ya uzeeni. Wengi wamemalizwa kwa panga, na aliyewamaliza anakuja matangani kula wali. Ngala, mkubwa wa ukoo, hakutaka polisi waje kwake tena, kwa hiyo akaamua mambo yaishe kwa kiraho, kiapo chetu cha papai. Mganga hulitia papai dawa na kulisomea. Msema kweli akilila, analila kama tunda. Mwongo huvimba kinywa na koo papo hapo. Papai likimkamata Mbeyu, angeliacha shamba na kuondoka na nguo alizovaa, ikiwa vijana wangemwacha afike barabarani. Charo alikuwa na hakika kwamba bibi kizee angekimbilia Rabai kabla ya siku yenyewe. Mbeyu alipoletewa habari, aliuliza jambo moja tu: saa ngapi.

Tulikusanyika Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa Ngala. Mganga alikuwa Nyale, aliyetoka Magarini, mtu mfupi mwenye koti la suti. Alikata papai vipande, akavipanga juu ya sinia, akavinyunyizia unga mweusi na kuvisomea kwa muda mrefu. Mbeyu alikaa peke yake kwenye kigoda, amenyoosha miguu, akimtazama kama anayemtazama fundi aliyechelewa kazini.

"Mshitaki kwanza," alisema Nyale.

Charo akakohoa. Nadhani hilo lilikuwa limempita kabisa: kiraho hakimchagui mshitakiwa peke yake. Anayemshika mwenzake uchawi ndiye anayetangulia kula, na kabla ya kula anayarudia mashtaka yake kwa kinywa chake.

"Atakula mke wangu," Charo alisema. "Mtoto alitoka tumboni mwake. Uchungu ni wake."

Ngala alimtazama Nyale, Nyale akatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo nikaitwa mbele, nikapewa kipande cha papai, na Nyale akanisomea maneno ya kurudia: "Ikiwa Charo hakumwona Mbeyu dirishani Alhamisi asubuhi, papai hili linivimbishe kinywa, linifunge koo, nisilale hai leo."

Mimi nimebatizwa, lakini papai la kiraho naliogopa kuliko mchungaji yeyote. Nililishika, maji yake yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikamtazama Charo. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ikiwa Charo," nilianza. Nikaanza tena. "Ikiwa Charo..."

"Sema, mama," Nyale akanihimiza.

"Charo hakuwepo," nikasema.

"Pamela, funga mdomo wako!"

"Hukuwepo! Ulilala Malindi kwa yule mtu anayetaka kujenga nyumba za wageni kwenye shamba la Mayo. Ulitoka Jumatatu na pikipiki. Nilikupigia simu mtoto akiwa ananikakamaa mikononi, mara tano nilikupigia, na mara tano ukakata. Ulikuja hospitalini ameshafunikwa shuka, unanuka nyama ya kuchoma. Ulimwona nani dirishani, wewe?"

Ngala alichukua kipande kingine kutoka kwenye sinia, akamnyooshea Charo.

"Basi kula mwenyewe, mwanangu. Kama ulimwona, ni tunda tu hili."

Charo aliweka mikono nyuma. Alirudi hatua moja, kisha mbili, akageuka na kwenda kuwasha pikipiki. Hapo hata vijana waliochoma vyandarua walielewa, maana aliyekataa kiraho amekiri.

Ngala akasema shauri limekwisha. Mbeyu akasema, "Kwangu halijaisha." Alinijia, akakichukua kipande changu mkononi mwangu, akakitafuna chote mpaka ganda mbele ya macho yetu, akajifuta midomo kwa leso.

"Halina hata sukari," alimwambia Nyale, akaenda zake.

Nilipofika nyumbani nilikuta nguo zangu zimetupwa nje na shemeji zangu wameketi mlangoni. Sikuwa na pa kwenda isipokuwa ng'ambo ya ua. Na nisiwe mnafiki, nilidhani nitapokewa. Nilidhani mtu niliyemwokoa roho angenitengea hata mkeka.

Mbeyu alikuwa bustanini akikata matawi yaliyoungua.

"Mayo, nimefukuzwa," nilimwambia. "Nimefukuzwa kwa sababu yako."

"Mtoto tulimzika lini?" aliniuliza bila kugeuka.

"Mwezi uliopita."

"Na siku hiyo Charo aliposema vile kaburini, ulijua kwamba anadanganya."

"Nilijua."

"Walipopiga nyumba yangu mawe, ulijua. Walipochoma hapa, ulisimama pale mlangoni, nilikuona nilipokuwa narudi, na ulijua." Aligeuka, panga mkononi. "Kwa nini?"

Ningeweza kusema nilimwogopa mume wangu. Wanawake wengi wangenisadiki, na kidogo ingekuwa kweli.

"Kwa sababu nilitaka uwe wewe," nilimwambia. "Usipokuwa wewe, ni baba yake. Na baba yake akiondoka, nabaki mimi niliyekaa na mtoto ana homa Jumanne nzima na Jumatano nzima, nikisubiri pikipiki irudi."

Mbeyu hakuniambia pole. Aliegemeza panga kwenye mdimu uliokatwa, akaingia ndani, na nikasikia akiutia mlango komeo.